MHARAGWE UNAPIMWA, MTOTO HAPIMWI

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwisho na wakubwa wa shamba, Bwana Meneja alitoa faili, akaiweka juu ya meza, akaipiga kwa kiganja. Akasema: "Wapuliza dawa wote wamepimwa damu. Karatasi zote ni safi. Mnataka nini tena?" Wajumbe wetu walinyamaza. Mimi nilikuwamo, na mimi nilinyamaza. Leo naomba nafasi katika gazeti letu hili nimjibu.

Tunataka mkojo upimwe. Tunataka mkojo wa mpuliza dawa, na wa mkewe, na wa mtoto wake, na wa yule mama anayechuma maua mchana kutwa akarudi jioni kunyonyesha. Najua wako watakaocheka wakiona neno hilo limeandikwa katika gazeti la Chama. Wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho.

DAMU INASEMA NINI

Kipimo kile cha damu anachojivunia Bwana Meneja hutazama kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Kazi yake ni kuzima ishara ya neva baada ya neva kuuamrisha msuli. Dawa za wadudu za jamii mbili, organofosfeti na kabameti, hukifunga kimeng'enya hiki kisifanye kazi. Basi ishara hazizimiki. Mtu hutoka jasho, mate humjaa mdomoni, macho huona ukungu, misuli hutetemeka, na akizidiwa pumzi hukatika. Kipimo hiki ni kizuri na hatukikatai. Lakini kina mipaka mitatu ambayo hatukuambiwa mezani.

Kwanza, kila mtu ana kiwango chake mwenyewe, kama vile kila mtu ana urefu wake. Ni lazima upimwe kabla hujashika bomba, ili kiwango cha leo kilinganishwe na kile cha siku ulipokuwa huna sumu. Huko California, Marekani, ndivyo sheria inavyotaka: kolinesterasi ya chembe nyekundu ikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango cha mwanzo cha mfanya kazi, ni lazima aondolewe penye dawa. Sasa mtu aliyepimwa mara ya kwanza baada ya kupuliza miaka miwili atalinganishwa na nini? Karatasi yake ikiandikwa "safi", ni safi kuliko nani?

Pili, kipimo hiki huona jamii hizo mbili tu. Pairethroidi hazionekani humo. Dawa nyingi za ukungu hazionekani humo. Nani kati yetu anayefanya kazi katika grinhausi asiyejua jinsi dawa za ukungu zinavyopulizwa?

Tatu, ili kimeng'enya kishuke ni lazima sumu iwe imeingia kwa wingi. Mtoto anayetambaa sakafuni na kula vumbi kidogo leo, kidogo kesho, damu yake inaweza kusema salama siku zote. Tena mtoto huyo haitwi kupimwa. Yeye si mfanya kazi, na jina lake halimo katika lile faili.

MKOJO UNASEMA NINI

Sumu ikiingia mwilini kwa ngozi, kwa pumzi au kwa mdomo, ini huivunja vipande, na figo huvitoa vipande hivyo kwa mkojo. Kila jamii ya dawa huacha alama yake. Organofosfeti nyingi huacha vipande viitwavyo daialkili fosfeti. Klopirifosi huacha na kipande chake cha pekee. Pairethroidi nyingi huacha kipande kimoja cha namna moja. Mpimaji wa maabara akiona kipande, anajua ni jamii gani ya dawa iliyopita mwilini, hata kama mtu mwenyewe hajaumwa kichwa.

Kipimo hiki hakina sindano. Mtoto wa miaka miwili anaweza kupimwa bila kulia. Kikombe kiwe safi, mikono ioshwe kwanza ili sumu ya mikononi isiingie kikombeni, na chupa igandishwe mapema. Maabara hupima pia kreatinini, ili ijulikane kama mkojo ulikuwa mzito au mtu alikunywa maji mengi. Basi.

SUMU INARUDI NYUMBANI PAMOJA NASI

Bwana Meneja husema sumu iko shambani na shamba lina lango. Je, lango linazuia vumbi? Ovaroli tunarudi nazo nyumbani. Gambuti tunaingia nazo mlangoni. Nyumba ni chumba kimoja: kitanda hapa, jiko pale, ovaroli kwenye msumari ukutani juu ya godoro la watoto. Mtoto humkimbilia babake na kumkumbatia miguu kabla babake hajanawa. Jumapili nguo zote hufuliwa katika karai moja.

Haya hayatokei Kenya peke yake. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuata wafanya kazi wa mashamba ya matunda hadi nyumbani kwao, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Walichukua vumbi la nyumba, vumbi la magari na mkojo. Dawa ya organofosfeti iliyokuwa ikipulizwa kwenye matunda ilionekana katika asilimia 85 ya vumbi la nyumba na asilimia 87 ya vumbi la magari. Na kipande kinachoachwa na jamii hiyo ya dawa kilionekana katika mkojo wa asilimia 88 ya watoto. Watoto hao hawakuwa wameshika bomba. Sumu iliwafuata nyumbani ikiwa juu ya nguo za wazazi wao.

SERIKALI ILIPOAMUA KWA MKOJO

Wako watakaosema mkojo ni mambo ya wanachuo wanaotafuta digrii, na ya kwamba serikali haiwezi kufanya uamuzi kwa kikombe cha mkojo. Wasikilize habari ya Mississippi.

Mwaka 1996 iligunduliwa huko Mississippi, kusini mwa Marekani, kwamba watu wasio na leseni walikuwa wakipuliza ndani ya nyumba dawa ya mashamba ya pamba, methili parathioni, kuua mende. Watu waliwalipa kwa sababu dawa ilikuwa rahisi na mende walikufa kweli. Shambani dawa hiyo huvunjwa na jua na mvua kwa siku chache. Ndani ya nyumba hakuna jua wala mvua, kwa hivyo hubaki ukutani na sakafuni muda mrefu sana. Kabla ya hapo, mwaka 1994, jambo kama hilo lilikuwa limeonekana katika jimbo la Ohio.

Nyumba zilizopulizwa zilikuwa nyingi mno. Serikali haikuweza kuhamisha watu wote kwa siku moja. Waamue vipi ni nani ahamishwe kwanza? Walipima mkojo wa watu wa nyumba hizo, wakitafuta kipande kinachoachwa na methili parathioni. Kiwango cha kuchukua hatua hakikuwa kimoja kwa wote. Nyumba yenye mtoto mchanga au mama mjamzito ilihesabiwa kuwa na hatari upesi zaidi, hata kama kipande kilichoonekana ni kidogo. Jamaa waliokutwa na kiasi kikubwa walihamishwa, na nyumba zao zikasafishwa kwa fedha za serikali.

Ndugu, angalieni mambo mawili hapo. La kwanza, mkojo ulitosha kumtoa mtu katika nyumba mbaya na kumweka katika nyumba njema. La pili, mtoto na mjamzito walitangulizwa. Hapa kwetu mtoto na mjamzito hawamo hata mwisho wa orodha.

Na kuna la tatu, linalotuhusu sisi wenyewe. Tusijidanganye. Wako wenzetu wanaoficha dawa ya shamba katika chupa ya soda wakaenda nayo nyumbani kuua kunguni. Wako wanaonunua sokoni chupa isiyo na karatasi wala jina. Wako wanaoosha mtungi wa dawa wakatekea maji ya kunywa. Mwenzako akifanya hivyo mwambie aache leo. Hatuwezi kudai kwa mdomo mmoja huku mkono wa pili unamwaga sumu chini ya kitanda.

WATATUJIBU, NASI TUWE TAYARI

Watasema: "Kipimo hiki ni ghali, na mashine zake ni kubwa." Ni kweli, hakifanyiki katika zahanati ya shamba. Lakini wenye mashamba wanazijua mashine hizo vizuri kuliko sisi. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya zipimwe mabaki ya dawa zikifika kule, kwa sababu mabaki ya daimethoeti na dawa nyingine yalikuwa yamezidi kiwango. Daimethoeti ni organofosfeti. Je, wakubwa walisema kipimo ni ghali? Hawakusema. Walikwenda mbio. Mishiri ilipimwa hapa nyumbani kabla ya kupanda ndege. Taasisi ya serikali, KEPHIS, ina maabara Nairobi ya kupima mabaki ya dawa katika mazao. Mashine zinazopima mabaki katika mharagwe ni za namna ile ile inayopima vipande katika mkojo.

Basi mharagwe unaokwenda kuliwa na mtoto wa Ulaya unapimwa, na mtoto wa yule aliyeuchuma hapimwi. Anayetuambia fedha hakuna atueleze kwanza zile za mharagwe zilitoka wapi.

Watasema tena: "Sumu iliyo katika mkojo imetoka kwenye dawa zenu za mbu, au kwenye sukuma wiki mnazonunua." Hapa wana haki kidogo, nasi tusibishe ovyo. Dawa nyingi za mbu za kupuliza nyumbani ni pairethroidi. Chakula nacho kina mabaki, pengine yaliyokwisha kuvunjika kabla hayajaliwa. Mkojo husema ni jamii gani ya dawa, lakini hausemi imepita mlango gani.

Lakini mlango unaweza kutafutwa. Mjini Seattle, Marekani, watoto 23 wa shule walibadilishiwa chakula kwa siku tano tu, wakapewa chakula kilicholimwa bila dawa za viwandani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Vipande vya malathioni na klopirifosi katika mkojo wao vilishuka mara moja, karibu vitoweke. Waliporudi kwenye chakula cha kawaida vilirudi. Maana yake ni nini? Funga mlango mmoja, pima tena, utajua.

Basi namwambia Bwana Meneja: na tufunge mlango wako kwanza. Kwa wiki mbili ovaroli zote zibaki shambani zifuliwe huko, na kila mtu aoge na kubadili nguo kabla ya kutoka. Pima mkojo wa watoto kabla na baada. Pima na watoto wa jirani ambao hakuna mtu wa nyumbani kwao afanyaye kazi shambani. Watoto wetu wakishuka na wa jirani wakibaki pale pale, tutajua sumu ilipita wapi. Wasiposhuka, mimi nitaandika katika gazeti hili hili kwamba nilikosea, nasi tutatafuta mlango mwingine. Anayejua shamba lake ni safi ataogopa nini?

Watasema mara ya tatu: "Mkojo huonyesha mambo ya juzi na jana tu, na kuonekana kwa kipande si ugonjwa." Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana hatutaki kipimo kimoja cha kupigiwa picha. Tunataka kipimo cha mara kwa mara, wakati wa kupuliza sana na wakati wa kupumzika. Na hatusemi kila mtoto mwenye kipande ni mgonjwa. Lakini tusingoje ugonjwa ndipo tuzungumze. Katika bonde la Salinas, California, mama wajawazito wa jamii za wafanya kazi wa mashamba walipimwa mkojo kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, na watoto wao wakafuatwa walivyokua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba, watoto walipofika miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa na vipande vingi kabisa vya organofosfeti wakati wa mimba walipata kwa wastani alama 7 pungufu katika mtihani wa akili, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na vichache kabisa. Watoto hao hawakulazwa hospitali. Hakuna aliyewaita wagonjwa. Walipungukiwa tu na kitu ambacho hawatarudishiwa.

WOGA WETU WENYEWE

Sasa niseme na wenzangu. Nimesikia maneno haya penye foleni ya maji: "Tukikutwa na sumu tutafutwa kazi. Afadhali tusijue." Simcheki anayesema hivyo. Kibarua hana wiki mbili za kukaa bila mshahara. Akina mama wanaogopa zaidi, kwa maana mjamzito akisema kichwa kinamuuma huambiwa aende nyumbani kupumzika, na mapumziko hayo hayana malipo.

Lakini kutojua hakumfukuzi mtu sumu. Kunampa mwenye shamba usingizi mzuri tu. Dawa ya woga huu ni kuandika masharti kabla chupa ya kwanza haijajazwa. Kipimo bila masharti ni mtego. Wakubwa wakikipima peke yao, wakashika karatasi peke yao, watakitumia kuchagua nani aondoke. Kwa hivyo sikubali mtu aje na vikombe kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Sheria iko, ingawa haifiki mbali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kulinda afya ya mfanya kazi, na mahali penye watu 20 au zaidi ni lazima pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wetu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo wa 2007 humtazama mfanya kazi aliyeumia au kuugua kwa kazi yake. Zote mbili zinamjua mfanya kazi. Mtoto aliyelamba vumbi la ovaroli ya mfanya kazi hazimjui. Hapo sheria husimama langoni na sumu hupita. Katiba ya mwaka 2010 haisimami langoni: Ibara ya 42 humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na mtoto wa kempu ni mtu. Pengo la sheria tutaliziba kwa mkataba wetu wa pamoja.

TUNADAI HIVI

Haya yawekwe mbele ya wenye mashamba katika mazungumzo yajayo:

1. Kuanzia sasa, bila kungoja kipimo chochote, ovaroli zibaki shambani na zifuliwe na shamba. Pawe na maji, sabuni na mahali pa kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao, na wakati wa kuoga uhesabiwe kuwa ni wakati wa kazi. Mtu asituambie tungoje majibu ya maabara ndipo tupewe sabuni.

2. Kila mpuliza dawa mpya apimwe damu kabla hajaanza, na kiwango chake cha mwanzo kiandikwe na apewe nakala.

3. Mkojo wa wafanya kazi wanaokubali, wa mama wajawazito na wa watoto wao, upimwe angalau mara mbili kwa mwaka, wakati wa kupuliza sana na wakati wa kupuliza kidogo. Shamba lilipe. Maabara ichaguliwe na pande mbili.

4. Karatasi ya majibu ni mali ya aliyepimwa, na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Shamba lipewe hesabu tu, bila majina. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa ni za kulindwa zaidi kuliko nyingine.

5. Asifutwe mtu wala asipunguziwe mshahara kwa sababu ya majibu yake au kwa sababu amekataa kupimwa. Anayehitaji kuondolewa penye dawa, na kila mjamzito, apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule.

6. Jina la kila dawa, tarehe na saa ya kupuliza, na saa ya kuruhusiwa kuingia tena, yaandikwe kwa Kiswahili ukutani mahali pa wote kuona. Maabara haiwezi kutafuta kitu ambacho haikuambiwa jina lake.

Dai la kwanza ndilo kubwa. Mkojo haumponyi mtu. Ni shahidi tu. Lakini miaka yote hii tumekwenda mezani bila shahidi, tukisema "watoto wanakohoa," nao wakijibu "ni vumbi la barabara." Tukisema "macho yanawasha," wakijibu "ni moshi wa jiko." Wao wana faili, sisi tuna maneno. Safari hii twende na shahidi.

Naomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na akina mama waketi mbele, kwa maana wao ndio watakaoshika vikombe vya watoto. Wajumbe wasiniangushe kama nilivyowaangusha nyinyi siku ile niliponyamaza. Bwana Meneja akipiga faili lake tena kwa kiganja, mmoja wetu amwulize mbele ya wote: "Katika hizi karatasi zako safi, ya mtoto iko wapi?"

Ni mimi ndugu yenu katika Chama,
Mpuliza dawa wa zamani